Barua Isiyo Yetu

Mwalimu wa huku kwetu ni sanduku la barua. Hatusemi hivyo kwa kujisifu. Hapa Pweto, mahali ambapo maji ya ziwa Mweru yatoka ziwani na kuanza kuitwa mto Luvua, wazazi wengi huenda mbali kuvua au kuuza chisense, na kabla ya kuondoka hutuachia maneno. Huyu ana kifafa, mwalimu, usimwache aende mtoni peke yake. Yule hajaambiwa bado kwamba dada yake amekwisha kufa. Mwache amalize mtihani kwanza. Zamani maneno ya namna hiyo yaliletwa kwa mdomo, au kwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Siku hizi huja kwa simu, na mengi huja kwa sauti, maana asiyejua kuandika ajua kusema. Hukaa humo simuni pamoja na picha za watoto wetu na hesabu ya deni la dukani, nasi twatembea nayo mfukoni bila kuyafikiri.

Katika mwaka ambao hatutautaja tulikuwa juu ya lori, twaenda Lubumbashi kwa njia ya Kilwa na Kasenga, tumechukua karatasi za shule. Kwenye kizuizi kimoja, ambacho nacho hatutakitaja, tuliteremshwa wote. Hilo si jambo geni. Msafiri wa njia zetu ajua desturi yake: kuonyesha kadi, kungoja juani, kutoa kidogo, kupanda tena. Lakini siku ile mtu mmoja asiyevaa nguo za kazi, kijana mwenye adabu nyingi, alitaka simu. Alipofika kwetu alisema, “Mwalimu, fungua nione.”

Hatukumwuliza yeye ni nani. Hatukumwuliza katumwa na nani, wala kwa sheria gani. Tuliweka kidole gumba juu ya kioo, na kioo kikafunguka.

Alisema atafuta picha za askari na maneno ya siasa. Hakuyaona, kwa kuwa hayakuwamo. Akaendelea kushuka chini kwa kidole, kama mtu achaguaye samaki sokoni, mpaka akafika kwenye ujumbe wa sauti wa mama mmoja wa shule yetu. Akabonyeza. Sauti ya mama yule ikatoka mbele ya lori zima, ikasema habari ya binti yake tangu mwanzo hata mwisho, jambo ambalo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani. Nusu ya wasafiri walikuwa watu wa kwetu. Waliijua sauti. Kijana akacheka kidogo, akaturudishia simu, akatutakia safari njema.

Tuliporudi Pweto, habari ilikuwa imetutangulia. Binti yule hakuonekana tena darasani. Jioni mama yake alikuja nyumbani kwetu, akakataa kiti, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: “Mwalimu, mimi nilikuambia wewe.”

Yafaa tuseme na jambo linalotuaibisha zaidi. Mwezi uliotangulia safari ile tulikuwa tumefundisha Katiba katika somo la uraia. Katiba yetu ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, na kifungu chake cha 31 chasema wazi kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa mambo yake ya ndani, pamoja na siri ya barua zake, ya simu zake na ya mawasiliano yake ya namna yoyote. Na kwamba haki hiyo haiguswi ila pale ambapo sheria imetaja. Kifungu cha 29 chailinda nyumba vivyo hivyo. Kifungu cha 28 chasema kuwa mtu hana wajibu wa kutimiza amri iliyo kinyume cha sheria waziwazi. Vyote vitatu tulikuwa tumeviandika ubaoni kwa mkono wetu, na watoto wakavinakili. Tena twakumbuka tuliwakaripia walioandika vibaya. Kizuizini hatukukumbuka hata kimoja.

Tangu siku ile twamfikiria sana marehemu baba yetu, ambaye hakufundishwa Katiba hiyo na mtu yeyote.

Mapema Desemba 2000, vita vilipofika Pweto, mji ulichukuliwa na waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda, na watu maelfu kwa maelfu wakakimbilia Zambia. Sisi tulikuwa na umri wa miaka tisa. Twakumbuka miguu kuliko kitu kingine: miguu ya watu wazima mbele yetu, mchana na usiku. Jamaa yetu tulifikia kambi ya Kala, upande wa Kawambwa. Kambini barua ilikuwa ni dawa. Mtu aliyekuwa na mume, au mama, au mtoto aliyebaki ng’ambo aliandika, au aliandikiwa, na karatasi ilifungwa kwa bukari kidogo iliyolowanishwa, maana gundi haikuwapo. Baba yetu, kwa kuwa alikuwa mwalimu na watu walimwamini, alipewa barua hizo kila alipovuka ziwa kwenda kutafuta habari za ndugu.

Safari moja alishikwa na askari mara tu mtumbwi ulipofika ufukoni. Wakaziona barua. Mmoja akataka kuzifungua. Baba akamwambia, “Mkubwa, hizi si zangu. Ukitaka kuzifungua, fungua, nguvu unazo. Lakini andika jina lako juu ya kila moja, ili mwenyewe aniulizapo nimwonyeshe.” Kwa neno hilo alipigwa kofi ambalo sikio lake la kushoto halikupona kamwe. Barua zikafunguliwa zote, zikasomwa, akarudishiwa. Naye alizipeleka moja moja kwa wenyewe, na kila mlangoni alisema maneno yale yale kabla ya kuitoa: “Imefunguliwa. Si mimi.”

Tulipokuwa watoto tuliona kwamba kofi lile alilitafuta mwenyewe. Sasa twaona kwamba alikuwa ameshika kiini cha jambo lote kuliko vitabu vingi. Hakusema barua isifunguliwe kamwe. Alisema afunguaye aandike jina lake.

Maana hati ya hakimu ni nini, ndugu wasomaji, ila jina la mtu lililoandikwa juu ya barua iliyofunguliwa? Polisi ataka kuingia nyumbani mwako. Yuko mtu mwingine, asiye yeye, aliyepima sababu, akaona zatosha, akaweka sahihi na tarehe. Kesho ikionekana kuwa sababu hazikutosha, yuko wa kuulizwa. Pasipo sahihi hakuna wa kuulizwa, na kosa lawa kama mvua: limenyesha tu.

Wazee wetu waliishi miaka mingi chini ya mvua hiyo. Wakati wa Wabelgiji mtu wa Kongo hakukaa nje ya wilaya yake siku nyingi bila karatasi ya ruhusa, na kitabu chake cha kitambulisho kilisimulia habari zake kwa yeyote aliyekitaka. Ubelgiji yenyewe, katika Katiba yake ya 1831, ilikuwa imekataza kuvunja siri ya barua! Kisha likaja taifa huru, na mwaka 1967 chama kimoja, MPR, na Rais Mobutu juu yake. Idara za upelelezi zilibadilika majina, CND, kisha AND, kisha SNIP, lakini njia yao ya kwenda haikubadilika: habari zapanda kwa Rais, na amri zashuka kutoka kwa Rais. Shuleni waliwekwa vijana wa JMPR. Magazeti ya dini nayo hayakuachwa. Afrique Chrétienne lilifungiwa mwaka 1972, na Februari 1973 magazeti mengi ya madhehebu yakapigwa marufuku kwa mara moja. Baba alitusimulia kuwa katika miaka ile mwalimu aliyetaka kumlaumu mkubwa alifungulia redio kwa nguvu kwanza, ndipo akasema kwa sauti ndogo, na hata hivyo alimtazama mkewe usoni, asijue. Tulipomwuliza kama kweli alimshuku mama yetu, alinyamaza kidogo. “Si yeye,” alisema. “Nilijishuku mwenyewe, kwamba huenda siku moja nikaulizwa nikamtaja.”

Hapo ndipo twaona ubaya wake mkubwa. Mpelelezi hahitaji kukaa katika kila nyumba. Yatosha watu wasijue yuko nyumba ipi.

Na Lubumbashi ilionja tunda la mti huo. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na watu wakaanza kusema. Katika chuo kikuu cha Lubumbashi wanafunzi waliwageukia wenzao waliowashuku kuwa ni wapelelezi wa serikali, waliolala nao chumba kimoja na kula nao meza moja, wakawapiga vibaya. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei watu wenye silaha wakaingia chuoni, wakaua wanafunzi. Idadi ya waliokufa haikupata kukubaliwa na wote. Serikali ilikiri kidogo sana, wengine wakahesabu makumi, wengine zaidi. Ubelgiji ikasimamisha msaada wake. Habari hii husimuliwa mara nyingi kwa ajili ya ule usiku wa damu, na ni haki. Lakini sisi hukaa tukifikiri siku zilizoutangulia, jinsi vijana waliosoma vitabu vimoja walivyoweza kuinuliana fimbo, kwa kuwa miaka mingi kila mmoja hakujua nani ayapeleka maneno yake, na kwa nani.

Atakuja mtu aseme: hayo ni ya Mobutu, yamepita. Mengi yamepita kweli. Lakini tutazame. ANR, idara ya upelelezi ya sasa, iliundwa mwaka 1997, wakati wa Laurent-Désiré Kabila, nayo ilipangwa upya kwa amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 11 Januari 2003, ambayo iliiweka chini ya mamlaka ya Rais wa Jamhuri. Mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi, katika miezi yake ya kwanza, alitangaza kwamba mahabusu za siri za idara hiyo zafungwa. Tulifurahi, na twasema bado kuwa lilikuwa jambo jema. Ila mlango uliofungwa kwa neno la Rais mmoja waweza kufunguliwa kwa neno la Rais mwingine, au la yule yule, kama ufunguo umo mfukoni mwake peke yake.

Vilevile Mei 2021 Rais alitangaza hali ya dharura ya kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Katiba yampa uwezo huo. Wakuu wa kijeshi wakapewa ruhusa ya kupekua nyumba za watu mchana na usiku. Yawezekana ilihitajika; hatuko kule, wala hatutaki kuwahukumu watu walio katika moto. Twasema tu kwamba ruhusa ya namna hiyo, ikitolewa kwa muda mfupi, huwa kama mgeni aliyekuja kulala usiku mmoja. Mwenye nyumba na ahesabu siku.

Tena hatusemi serikali isipeleleze. Mtu wa Pweto akisema hivyo ni mwongo au ni msahaulifu. Katika miaka ile ya Gédéon, kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, sehemu ambayo watu waliiita pembetatu ya mauti, vijiji viliteketea, na kama mtu mmoja angalisikia mapema na kupeleka habari mahali pake, wengi wangalikuwa hai. Mchungaji asiyesikiliza usiku hana haki ya kulia asubuhi. Twauliza tu ni nani asikilizaye, kwa ruhusa ya nani, na jina lake li wapi.

Swali hilo si la watu maskini tu. Marekani, baada ya Rais Nixon kujiuzulu mwaka 1974 kwa fitina iliyoanzia katika kuwapeleleza wapinzani wake, sheria ilitungwa mwaka 1978: serikali ikitaka kusikiliza mazungumzo ya watu ndani ya nchi kwa ajili ya usalama wa taifa, ipate kwanza hati ya korti maalum. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, Rais Bush aliruhusu mazungumzo fulani yasikilizwe bila hati hiyo, na wananchi hawakujua mpaka gazeti lilipofunua mwezi Desemba 2005. Mwaka 2013 kijana mmoja aliyefanya kazi humo, Edward Snowden, akafunua kwamba hesabu za simu za mamilioni ya watu, nani kampigia nani na saa ngapi, zilikuwa zikikusanywa. Hawa ni watu wenye mahakama nyingi na magazeti mengi! Walakini twaona tofauti moja. Wao walipojua, waliweza kuuliza sahihi i wapi, kwa kuwa ilikuwako sheria iliyodai sahihi. Na mwaka 2015 bunge lao likazuia ukusanyaji ule wa jumla.

Sisi je, twauliza? Mwaka 2020 serikali yetu ilianzisha daftari la vyombo vya simu, lile lililoitwa RAM, na kila mwenye simu ya intaneti akakatwa dola 7 kwa mwaka. Nchi nzima ilipiga kelele, bunge likapiga kelele, na mwaka 2022 malipo yakafutwa. Vizuri. Lakini kelele zote zilikuwa za fedha. Hatukumbuki kusikia hapa Pweto hata mtu mmoja, na sisi tumo, aliyeuliza daftari lenyewe latunzwa na nani, na la kazi gani. Au chukueni ile Desemba ya 2018. Tangu tarehe 31 hadi 20 Januari 2019, matokeo ya uchaguzi yakingojewa, intaneti ilikatwa nchini. Sisi wa mpakani tulitafuta kadi za simu za Zambia, tukasimama ufukoni mikono juu kama watu wa kusali, tukishika mtandao wa jirani. Tulicheka sana. Leo twajiuliza tulicheka nini, maana serikali ilikuwa imetuonyesha kwamba mkono wake u juu ya kila neno letu.

Sheria zipo. Sheria ya simu ya tarehe 25 Novemba 2020 yalinda siri ya mawasiliano. Kanuni ya mambo ya mitandao ya tarehe 13 Machi 2023 yasema juu ya kulindwa kwa habari za mtu binafsi. Nayo ilitoka kwa namna ya amri yenye nguvu ya sheria, iliyotiwa sahihi na Rais kwa ruhusa ya muda ya bunge. Zisomeni, ninyi mnaojua Kifaransa, mkawaeleze wasiojua. Sisi tumeanza.

Mwaka uliofuata, tulipofika tena kifungu cha 31, mwanafunzi mmoja wa nyuma aliinua mkono. “Mwalimu, na mtu akiwa kizuizini, husema nini?” Darasa likanyamaza kwa namna ambayo ilitujulisha kuwa wajua. Tukafunga kitabu, tukawasimulia habari ya simu yetu, bila jina la mtu. Kisha tukawasimulia habari ya babu yao mwalimu na kofi lake. Wakauliza kama tukipita tena tutasema kama yeye. Tuliwajibu kwamba hatujui. Tumekwisha kupita mara mbili tangu hapo, na simu haikuombwa. Ila jumbe za wazazi hatuziachi tena simuni. Tukisha kuzisikia twazifuta, na lililo la lazima twaliandika katika daftari lililofungiwa nyumbani. Ni ulinzi mdogo. Hata hivyo mama mmoja alitupigia simu akasema, “Futa mbele yangu, nisikie,” kana kwamba kufuta kwatoa sauti.

Kabla ya kuandika haya tulikwenda kwa mama wa binti yule kuomba ruhusa, kwa kuwa habari hii ni yake kabla ya kuwa yetu. Alikuwa anaanika chisense juu ya turubai. Alifikiri muda mrefu, akiwapindua samaki kwa mkono. Kisha akasema, “Andika. Lakini jambo lenyewe usiliandike, wala mwaka. Na ukimaliza, unisomee kwanza.”

Jana jioni tulimsomea yote. Safari hii alikubali kiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akatuomba tuondoe neno moja mahali fulani. Tuliliondoa, tukamsomea tena.